Simba ana wiki 9 na ananguruma akila: ni ubabe au ni kitu kingine?

Swali: Shikamoo daktari. Nipo Kibaha. Nimenunua mtoto wa mbwa dume, chotara wa German shepherd, nimempa jina Simba. Nilimchukua akiwa na wiki 5, sasa ana wiki 9. Namtaka awe mlinzi, na nimeambiwa nimfungie bandani mchana kutwa asizoee watu, la sivyo hatalinda. Tatizo ameanza ubabe. Ukimsogelea akila ananguruma, anang'ata mikono ya wanangu (miaka 6 na 10) mpaka wanalia, halafu anapanda miguu ya watu. Jamaa mmoja anayefuga mbwa ameniambia nimpindue chali nimkandamize shingoni mpaka alegee, ajue nani mkubwa. Nina na jike mtu mzima, Popi, naye humngurumia na kumlaza chini. Amepata chanjo moja tu, siku kumi zilizopita. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Kabla ya mengine yote, mtoe Simba bandani leo hii. Kunguruma, kung'ata na kupanda miguu kuna muda wa kurekebishwa. Hili la banda halina muda.

Kipindi ambacho mtoto wa mbwa hupokea watu na mambo mapya bila woga mwingi huanza akiwa na wiki 3 hivi, na hufifia kati ya wiki ya 12 na ya 14. Simba amebakiza wiki 3, au 5 tukimpa nafuu. Baada ya hapo bado atajifunza, lakini kila kigeni kitaanza kwa kutiliwa shaka, na utalipa miezi kwa kile ambacho sasa kinachukua siku mbili tatu.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1961 watafiti Freedman, King na Elliot, waliofanya kazi Bar Harbor katika jimbo la Maine, Marekani, walichapisha matokeo ya watoto wa mbwa waliokuzwa ndani ya uwanja wenye uzio mrefu bila kukutana na binadamu. Baadhi yao walitolewa kwa wiki moja tu katika umri mbalimbali, wakakaa na watu, kisha wakarudishwa. Walioachwa mpaka wiki ya 14 bila mtu yeyote walibaki kama wanyama wa porini, na jitihada za baadaye hazikuwasogeza mbali. Hao walikuwa cocker spaniel na beagle, aina za mbwa zinazojulikana kwa upole. Sasa fikiria chotara wa German shepherd, mbwa ambaye kwa asili ana tahadhari na wageni.

Kuhusu ulinzi, aliyekushauri ana nia njema ila amegeuza mambo. Mbwa hulinda kwa sababu anaijua nyumba yake na anajua kipi ni cha kawaida pale na kipi si cha kawaida. Kubweka getini kwa maana ya "hapa ni kwetu" huja na ukomavu. Kwa mbwa wa aina yake utaanza kuona kubweka huko akifika miezi 6 hadi 8, na tabia hukaa sawa kati ya mwaka 1 na miaka 2. Hakuna haja ya kumpandikizia. Mbwa aliyefungiwa tangu utotoni hubwekea kila kitu: mwanafunzi anayepita, toroli, kunguru juu ya ukuta. Baada ya mwezi mmoja hakuna mtu ndani ya nyumba anayeinuka kitandani kwa ajili yake. Mwizi akiruka ukuta kweli, mbwa wa namna hiyo hufanya moja kati ya mawili: hurudi nyuma ya banda, au humng'ata yeyote aliye karibu, na mara nyingi aliye karibu ni mtoto wako aliyetoka kuchungulia.

Hofu yako ya chanjo ni ya kweli, basi tuipange. Chanjo ya mchanganyiko (distempa, homa ya ini ya mbwa na parvo, kirusi kinacholeta kuharisha damu) hurudiwa kila baada ya wiki 3 hadi 4 mpaka mbwa afikishe wiki 16. Hairudiwi kwa sababu ya mwanzo ilikuwa dhaifu. Inarudiwa kwa sababu kinga aliyoinyonya kwenye dang'a ya mama yake huweza kuizima chanjo, na siku ambayo kinga hiyo inaisha hutofautiana kwa kila mtoto. Chanjo ya kichaa cha mbwa apate akifikisha miezi 3. Katikati ya hapo adui mkubwa ni parvo, nayo hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Dawa nyingi za kudekia zenye harufu nzuri haziiui. Inauawa na dawa ya klorini ya kufulia nguo, kipimo 1 kwa vipimo 30 vya maji, baada ya kusugua uchafu kwanza, na uiache dakika 10 kabla ya kusuuza.

Hatari basi iko ardhini, kwenye kinyesi cha mbwa wengine, na hapo ndipo pa kutokea. Chama cha Marekani cha madaktari wa mifugo wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa msimamo mwaka 2008 kwamba mtoto wa mbwa aanze kuchanganywa na watu na wenzake tangu wiki ya 7 au ya 8, mradi amepata walau chanjo ya kwanza siku 7 kabla, kwa sababu wanaopoteza maisha kwa tabia mbaya ni wengi kuliko wanaouawa na maradhi hayo. Siku zako kumi zinatosha kwa sharti hilo. Ila kwetu huku, ambako mbwa wengi wanazurura bila chanjo, ningeongeza tahadhari: nje ya geti asishushwe chini mpaka amalize chanjo. Abebwe. Bado ni mwepesi, anaenea mkononi, kwenye kikapu cha baiskeli au ndani ya bajaji. Mbwa wa watu unaowafahamu, wenye kadi ya chanjo, waruhusu waje kwako.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta maini, yachemshe bila chumvi, yakate vipande vya ukubwa wa punje ya harage. Dagaa waliokaushwa bila chumvi wanafaa pia, ukiwavunjavunja. Kiasi cha vipande 50 hadi 60 kwa siku kinatosha, na upunguze chakula chake kidogo asije akaharisha. Toka naye mara mbili au tatu kwa siku, dakika 5 hadi 10 kila safari, si zaidi. Kaa naye mapajani mita 30 kutoka kijiwe cha bodaboda. Pikipiki ikiwaka, mpe kipande. Ikizimwa, acha kutoa. Mpangilio huo ni muhimu: kitu kitangulie, chakula kifuate. Ukianza kwa kumlisha ndipo kitu kitokee, baada ya muda atakitilia shaka hata chakula chenyewe, kwa kuwa kimekuwa tangazo la jambo la kutisha. Siku inayofuata sogea mita 5, ikiwa jana alikula vizuri.

Tafuta aina za watu kuliko wingi wa watu. Mtu mwenye kofia ngumu ya pikipiki, mwenye mwavuli, mwenye ndevu, mwenye gunia kichwani, mwenye magongo, mama wa baibui, mzee wa kanzu, wanafunzi wanaokimbia, anayesukuma mkokoteni. Watoto wa kike na wa kiume wa jirani wakija kucheza, apate kuwaona. Nyumbani awashiwe feni, pasi itoe mvuke mbele yake, sufuria idondoke chumba cha pili, mvua inyeshe juu ya bati akiwa na mtu si peke yake. Fataki za mwaka mpya na radi huwezi kuziagiza, lakini sauti zake zipo kwenye simu: ziweke chini kabisa wakati anakula, kwa kiwango ambacho masikio yanasogea tu bila yeye kuacha sahani, kisha ongeza kidogo kwa siku kadhaa. Tandaza chini vitu tofauti avikanyage: karatasi ya nailoni, kipande cha bati, mchanga, ngazi mbili tatu, beseni lenye maji ya kufika kwenye vifundo.

Na mwili wake uguswe. Kila siku shika sikio sekunde 2, toa kipande. Fungua mdomo, toa kipande. Bana kidogo ngozi ya shingoni kama vile daktari anavyofanya kabla ya sindano, toa kipande. Tenganisha vidole vya miguu. Huku kwenye kupe ni lazima mbwa wako akubali kukaguliwa kila wiki maisha yake yote, na mbwa wa kilo 35 asiyetaka kushikwa sikio ni shughuli ya watu watatu na kamba.

Hapa kuna jambo moja linalomhusu mlinzi na ambalo miongozo mingi ya Ulaya na Marekani hailitazami. Huko hushauri mgeni amtupie mbwa chakula. Usifanye hivyo. Wezi hutupa nyama yenye sumu juu ya ukuta, na hutaki Simba akue akijua kwamba mgeni ni chanzo cha minofu. Mgeni asimame tu, aongee nawe, asimtazame mbwa machoni. Chakula kitoke mkononi mwako au mwa mkeo. Anachojifunza ni kwamba mgeni anapokuwepo na mwenye nyumba ametulia, mambo huwa mazuri. Hilo ndilo unalotaka mlinzi alijue. Mafunzo ya kukataa chakula cha watu yanaweza kuanza baada ya miezi 6, ingawa usiyategemee yenyewe pekee. Mlishe vizuri jioni na zungukia uwanja wako kila asubuhi kuona kama kuna nyama iliyotupwa.

Na majirani Waislamu, ambao mate ya mbwa kwao ni najisi na nguo ikiguswa kuna taratibu za kuitwaharisha, usiwasukumie kibwa. Hahitaji kuguswa na kila mtu. Kumwona mtu anakwenda msikitini, asikie adhana, na apite bila kumrukia, hilo ni somo kamili, na pengine bora kuliko kupakatwa.

Jinsi gani ujue umezidisha? Mtazame mdomo kwanza. Mtoto wa mbwa anayependa maini akiyakataa ghafla, amekwisha zidiwa. Kabla ya hapo atakuwa amekupa ishara: analamba pua mara kwa mara bila chakula, anapiga miayo hana usingizi, anageuza kichwa pembeni, weupe wa jicho unaonekana, mkia umeingia kati ya miguu, au amekakamaa kabisa. Huko kukakamaa ndiko watu hukosea, wakasema "ona, ametulia, amezoea." Ongeza umbali mara mbili, subiri ale, kisha rudini nyumbani. Kumshikilia palepale mpaka "azoee" mara nyingi huongeza woga badala ya kuupunguza, na katika wiki hizi za 8 hadi 10, ambapo wengi hushtuka upesi, tukio moja baya linaweza kudumu.

Sasa tuje kwenye ubabe. Mbwa wapo wanaonyang'anyana, na kati ya mbwa wawili mmoja huweza kumpisha mwenzake kwenye mfupa au mahali pa kulala. Lakini mtoto wa wiki 9 hana mpango wa kukutawala. Wazo hilo lina historia. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel aliandika juu ya mbwa mwitu waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, akaeleza walivyogombania ukubwa. Walikuwa wamewekwa pamoja katika eneo finyu lisilo na pa kukimbilia. Mtafiti wa Marekani L. David Mech, ambaye mwenyewe aliyasambaza mawazo hayo mwaka 1970, aliwafuatilia mbwa mwitu huru katika kisiwa cha Ellesmere, Kanada, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la kawaida porini ni familia: baba, mama na watoto wao. Hakuna anayepigana kupanda cheo. Watoto huwafuata wazazi. Wafugaji wengi walikwishaichukua ile hadithi ya kwanza, na ya pili haikuwafikia.

Kumpindua chali na kumkandamiza kunatoka moja kwa moja huko, nako kuna hesabu yake. Mwaka 2009 Herron na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha majibu ya wenye mbwa 140 waliopeleka mbwa wao kutibiwa tabia. Kati ya waliowahi kumpindua mbwa na kumshikilia chali, asilimia 31 walisema mbwa alijibu kwa ukali. Waliompiga au kumpiga teke mbwa aliyefanya jambo wasilolitaka, asilimia 43. Ni kweli hao tayari walikuwa mbwa wenye matatizo, si mbwa wote. Lakini na wewe unaambiwa utumie njia hiyo kwa mbwa anayenguruma. Akilegea chini ya mkono wako hajakutii. Ameganda kwa woga, na alichojifunza ni kwamba mkono wako ukija shingoni kuna balaa. Siku utakapotaka kumvalisha kola utaliona.

Mngurumo wenyewe ni wa kuheshimu. Ni onyo kabla ya jino. Anayepigwa kila akinguruma huacha kunguruma, woga ukabaki uleule, na hapo unapata yule mbwa ambaye wenyewe husema "alimng'ata mtoto bila sababu, hakutoa hata sauti." Walimfunza kutotoa sauti.

Kwa nini ananguruma akila? Kwa mbwa aliyechukuliwa wiki ya 5, sababu ya kwanza ya kutazama ni alikotoka. Watoto saba au wanane kwenye sinia moja la ugali na maji ya dagaa, asiyekula haraka halali na shibe. Ya pili ni njaa ya sasa. Umri huu ale mara 4 kwa siku; kuanzia miezi 3 mara 3; baada ya miezi 6 mara 2. Ugali mtupu hautoshi, aongezewe dagaa, utumbo uliochemshwa au mayai, na apewe dawa ya minyoo kila wiki 2 mpaka wiki ya 12, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Tumbo lililojaa minyoo halishibi.

Kisha mfanyie hivi. Gawa chakula chake, weka nusu sahanini. Akiwa anakula, pita umbali ambao hakakamai, tuseme hatua 3, mrushie kipande cha ini karibu na sahani bila kusimama, endelea na safari yako. Rudia mara 8 hadi 10 katika mlo mmoja. Siku ya pili au ya tatu utaona anainua kichwa na kutikisa mkia anapokusikia ukija; hiyo ndiyo ruhusa ya kupunguza nusu hatua. Usipunguze kwa sababu ya tarehe, punguza kwa sababu ya mkia. Ukifika karibu, inama na uweke kipande ndani ya sahani. Mwisho kabisa, chukua sahani, ongeza ini mbele yake, irudishe papo hapo. Kwa kibwa wa umri huu kazi hii huweza kuisha ndani ya wiki mbili. Ukimwona anakula kwa kasi zaidi unapokaribia, au mwili umekauka na kichwa kimezama sahanini, umekwenda mbio. Rudi hatua moja nyuma.

Kinachoharibu kazi hii kwa watu wengi ni "kumjaribu." Baba anatia mkono ndani ya sahani akikoroga chakula, au anainyanyua na kukaa nayo kuona kama mbwa atakubali. Mara ya kwanza anakubali, ya tano ananguruma, na baba anasema ona ubabe. Mbwa amethibitishiwa kwamba mtu akisogea chakula kinapotea. Watoto wako wasihusike kabisa na zoezi hili. Kwao kanuni ni moja: mbwa anayekula au aliyelala hasogelewi.

Akinyakua ndala, usimfukuze wala usimpanue taya. Mpe kitu bora, ini karibu na pua, na wakati anafungua mdomo sema "acha." Kisha mrudishie kitu kingine cha kutafuna. Baada ya mara kadhaa neno litafanya kazi kabla ya ini kuonekana.

Kung'ata mikono ni suala jingine kabisa. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya maziwa, makali kama sindano, na hujifunza kupima nguvu za taya kwa kucheza na ndugu zake: aking'ata sana, mwenzake analia na mchezo unakufa. Ndiyo maana tunasema asitolewe kwa mama kabla ya wiki 8. Simba alikosa wiki 3 za somo hilo, basi nyumba yako itamalizia. Akigusa ngozi kwa meno, mchezo unakoma: mikono inakunjwa kifuani, macho juu, hakuna neno, sekunde 20 hadi 30. Akiendelea kudaka suruali, mtu atoke na kufunga mlango kwa muda huohuo. Kisha mchezo urudi, safari hii na kipande cha kamba au kitambaa kilichofungwa fundo, kirefu kiasi cha kuweka meno mbali na vidole. Kupiga kelele, kumchapa pua au kumvutavuta mdomo humzidishia msisimko, na wengine huanza kuogopa kila mkono unaoshuka.

Angalia pia saa. Mbwa wa umri huu hulala saa 18 na zaidi kwa siku. Ukiona jioni amepagawa, anang'ata kila kitu na hasikii, mara nyingi ni usingizi. Mpeleke mahali pake penye giza kidogo, mpe kitu cha kutafuna, na ndani ya dakika kumi atakuwa amelala. Watoto wafundishwe kukaa chini wanapocheza naye na kuacha kukimbia anapowafukuzia. Na yule wa miaka 6 asiachwe naye peke yake, hata dakika ya kwenda kuzima jiko.

Kupanda miguu ya watu katika wiki 9 ni msisimko tu. Mwite, mpe kazi nyingine, yaishe.

Ushauri wa kula kabla ya mbwa, au kupita mlangoni kabla yake ili "ajue cheo chake," hautamdhuru Simba wala hautamfundisha. Kinachomfundisha ni utaratibu. Akae kabla geti halijafunguliwa, kwa sababu nje kuna magari. Akae kabla sahani haijashuka. Shika ini mbele ya pua, lipandishe kuelekea nyuma ya kichwa, matako yakigusa chini, mpe, baada ya mara kumi ongeza neno "kaa." Na neno liwe moja kwa nyumba nzima. Wewe ukisema "kaa," dada wa kazi akasema "tulia" na mlinzi wa getini akasema "sit," mnamsomesha shule tatu kwa wakati mmoja.

Popi mwache afanye kazi yake. Jike mzima anayemngurumia mtoto, kumkunjia mdomo au kumlaza chini sekunde chache kisha kumwachia, anamfundisha adabu za mbwa ambazo wewe huwezi kuzifundisha. Usimkemee kwa hilo. Wasiwasi uanze iwapo Simba analia na Popi haachii, anamfuata hata akijificha, au kuna damu. Wape sahani mbili umbali wa mita 3 au zaidi, ikiwezekana ukuta kati yao, na Popi awe na mahali pa juu au nyuma ya kizuizi ambapo kibwa hafiki. Wakigombana kweli, mkono wako usiingie katikati. Ndoo ya maji au ubao wa kutenganisha ndivyo vitumike.

Mnyororo wa mchana kutwa, kama unaufikiria badala ya banda, uache. Mbwa aliyefungwa huwaona watu wakipita asiweze kuwafikia wala kuwakimbia, na ndani ya miezi michache hasira ya mnyororo inahamia kwa wapita njia. Banda liwe la kulala na kupumzika, saa moja au mbili kwa wakati mmoja kwa umri wake, liwe na kivuli, maji na sakafu iliyoinuliwa.

Tarajia atarudi nyuma kidogo kati ya miezi 6 na 18, masikio yakiziba na mambo aliyoyazoea yakianza kumtia shaka. Utarudia yaleyale kwa umbali mkubwa zaidi. Kuhasiwa kunaweza kupunguza kuzurura na kukojolea kila nguzo, lakini hakumtoi mbwa woga, kwa hiyo kusitumike kama tiba ya ukali.

Wakati huohuo, jino likipasua ngozi ya mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nendeni kituo cha afya siku hiyohiyo, maana Simba bado hajachanjwa kichaa cha mbwa.

Akifikisha wiki 12 mfanyie ukaguzi. Weka mgeni asiyemfahamu hatua 4 kutoka kwake: je, anachukua chakula mkononi mwako? Pita karibu na sahani yake: mkia unasemaje? Mshike sikio na mguu: analegea au anakauka? Kama bado anakimbilia kujificha kila mtu anapoingia, au anakakamaa na kung'ata kwa nguvu nje ya mchezo, mpeleke kwa daktari wa mifugo akague kwanza masikio, meno na tumbo, kwa kuwa maumivu hujificha nyuma ya ukali, na mpange naye zoezi la umbali kabla ya wiki ya 14 haijafika.